Mzigo Ulioshuka Mlimani

Mwalimu alikuja kurekebishiwa zipu tu.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maduka, na Mama Vifungo alikuwa anafagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani, mkono uko kwenye ufagio na akili iko kwenye chakula cha jioni. Mwanamke yule akasimama mlangoni na koti la baridi begani.

"Imenikwamia huko mlimani," alisema. "Imeuma kitambaa. Haipandi, haishuki."

Mama Vifungo alilipokea koti, akakaa, akaanza kusugua meno ya zipu kwa kipande cha mshumaa. Akauliza ili mradi kuuliza, kama mafundi wanavyofanya mikono ikiwa kazini, "Na kileleni ulifika?"

"Nilifika. Lakini bila yule mpagazi sijui kama ningefika."

Wenzake walikuwa wamemwacha nyuma, alieleza mwalimu. Ukungu ulishuka juu ya kambi ya mwisho, begi likawa zito kama jiwe. Mtu mmoja akatokea ukunguni, akalichukua lile begi bila neno, akaliweka kichwani, akatangulia. Hakuwa na viatu.

"Nilimshukuru, hakujibu. Kitu kimoja kikanisumbua..." Mwalimu alishusha sauti. "Baridi ile, kila mtu akipumua anatoa mvuke. Yeye mdomo wake haukutoa kitu."

Mama Vifungo aliendelea kusugua.

"Alivaa sweta ya bluu. Kiwikoni ilikuwa na kiraka cha kitambaa cha pazia, chenye maua ya njano. Nilikuwa nyuma yake, macho yangu yalikuwa hapo hapo njia nzima."

Kipande cha mshumaa kilianguka.

Mwalimu akainua macho, na macho yake yakapita juu ya bega la fundi hadi nyuma, kwenye pazia kuukuu lililotenga duka na chumba cha kulala. Pazia la maua ya njano. Kona yake ya chini ilikuwa imekatwa kipande.

"Ni kama hicho," alinong'ona.

Mama Vifungo aligeuka akalitazama pazia. Kiraka kile alikikata na kukishona yeye mwenyewe. Na sweta ile mume wake alizikwa nayo.

*

Mume wake aliitwa Shingo, kwa sababu ya shingo yake iliyobeba mizigo ya watu mlimani tangu ujanani. Baridi ilimkamata huko huko kazini, misimu miwili ya mvua iliyopita. Wenzake walimshusha akiwa maiti. Dada yake ndiye aliyeng'ang'ania azikwe na sweta. "Ndugu yangu amekufa kwa baridi," alisema, "halali na baridi."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Mama Vifungo alimfuata dada huyo, wifi yake, kwenye jiko la shule alikokuwa mpishi. Alimkuta ameingia nusu mwili ndani ya sufuria kubwa, anaikwangua.

"Wifi, toka humo. Kuna jambo."

Wifi alitoka, akasikiliza, akakaa juu ya gunia la maharagwe. Hakulia.

"Bwana Mizigo," alisema mwishowe.

Jina hilo kila mtu mjini alilijua. Ndiye aliyekuwa bosi wa Shingo. Wapagazi wake walikuwa wachache, ungewajaza kwenye sebule moja, lakini mizigo yake ilifika juu yote, na kwa wakati, hata mvua ikinyesha mawe. Sokoni walikuwa na utani wao: wapagazi wa Bwana Mizigo hawali, hawalali, hawagomi. Watu walicheka wakiwa wameziba midomo. Hata Mama Vifungo alikuwa amecheka.

"Mume wangu alibeba akiwa hai, na ilikuwa kazi yake," alisema. "Akiwa amekufa, habebi mzigo wa mtu. Ninakwenda kumchukua."

"Wewe? Ngazi za kanisa tu unazipanda ukipumzika."

"Basi nitapumzika."

Wifi alijifuta mikono kwenye aproni, akamtazama muda mrefu. "Tutapumzika wote. Ni kaka yangu yule."

*

Kiongozi waliyemwendea alikuwa mwanamume mkavu wa makamo, ambaye mji mzima ulimwita Polepole. Hakuwahi kupeleka kundi kubwa, hakuwahi kumkimbiza mtu, na wageni wenye haraka aliwaelekeza kwa Bwana Mizigo. Sebuleni kwake viatu vya mlimani vilining'inia ukutani kwa kamba, kama samaki wa kukaushwa.

Aliwasikiliza hadi mwisho. Hakucheka wala hakushangaa. Alichouliza ni hiki: "Kifua kikoje? Mnalala vizuri? Magoti?"

Jioni zote zilizofuata aliwatembeza kilima cha nyuma ya mji, kila mmoja na mfuko wa mchanga mgongoni. Aliwafundisha kupumua, kunywa maji kabla ya kiu, kutembea kwa mwendo ambao mtu bado anaweza kupiga soga.

"Mchana tunapanda juu, usiku tunarudi kulala chini kidogo, ili mwili uzoee," alisema. "Kichwa kikiuma, useme. Ukianza kutapika au kuyumba, tunashuka wote, hata kama kilele unakigusa kwa kidole. Hapo hakuna mjadala."

"Na kuni tunapata wapi?" aliuliza wifi, mpishi.

"Hatuchomi kuni. Miti ile inakua kwa uchungu. Nina jiko la gesi. Hatutoki kwenye njia, hatukati jani. Na tulichopanda nacho kinashuka nasi. Ganda la yai linashuka. Karatasi ya chooni inashuka."

"Hata hiyo?"

"Hasa hiyo."

"Basi kaka, hiyo utaibeba wewe, maana ndiyo sheria yako."

Mama Vifungo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya zipu. Polepole naye alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Hili la kutoacha kitu nililifundishwa na baba yangu, na sababu yake haikuwa uchafu peke yake. Juu ya kambi ya mwisho kuna jiwe kubwa. Bwana Mizigo huwaambia wapagazi wake waache kitu chao hapo kila wakipita. Uzi, kamba ya kiatu, kifungo cha shati. Eti mlima uwajue. Baba yangu alinikataza. Alisema mlima hauna haja na kifungo cha mtu. Anayekitaka ni mtu."

Mama Vifungo aliushika ukingo wa kiti.

Kila safari Shingo alirudi na shati limepungua kifungo. Kila safari. Naye alishona kingine akimtania, kwamba huko mlimani ana mwanamke anayemvuta shati.

*

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka, giza likiingia, Bwana Mizigo alifika dukani. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti laini. Aliketi kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. Harufu iliingia pamoja naye... udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na kafuri, ile ya maiti.

"Shemeji. Nasikia unapanda."

"Umesikia vizuri."

"Mlima si cherehani."

"Na mimi si mpagazi wako."

Alitabasamu, akatazama mikono yake. "Mume wako alikuwa mtu mwema. Mwache apumzike."

"Hilo ndilo ninalokwenda kufanya."

Nje, mtu alipita akiburuta ndala. Bwana Mizigo akasogea mbele, akaongea kama anayemwambia mtoto siri.

"Huko juu mzigo haukai chini, shemeji. Anayemtua mwenzake huubeba yeye. Milele."

Mama Vifungo aliukata uzi kwa meno. "Funga mlango ukitoka. Baridi inaingia."

Alipoondoka, pale alipokuwa amekaa benchi lilikuwa limelowa.

*

Walipanda polepole, kama jina la kiongozi wao. Kundi la wageni liliwapita msituni likiwacheka, na kesho yake likakutana nao likiteremka, nyuso za kijani, mmoja amebebwa. Polepole aliwapa maji. Msitu ukaisha. Vikaja vichaka vya kufika magotini, kisha majani makavu, kisha mawe matupu na anga. Wifi alilalamikia kila kitu, magoti, baridi, supu ya Polepole, na hakuwahi kubaki nyuma hata hatua moja.

Kambi ya mwisho waliifikia alasiri. Walipiga hema mahali palipokwisha kulaliwa na wengine, ili wasikanyage pengine. Juu yao kidogo lilikuwepo lile jiwe. Mama Vifungo alilizunguka, akapitisha vidole kwenye nyufa zake.

Hapakuwa na kitu. Lilikuwa safi kama sahani iliyorambwa.

"Kila wiki wanaacha," Polepole alisema chinichini. "Na kila wiki hakuna kitu."

Jua lilipoanza kuzama, ukungu ukaja. Haukuja kutoka bondeni kama ukungu mwingine. Ulishuka kutoka juu.

Kwanza waliisikia sauti.

Kwii... kwii... kwii...

Kamba zinazolia chini ya mzigo.

Kisha nyayo. Nyayo nyingi, tupu, juu ya kokoto. Kisha ile harufu. Udongo mpya. Kafuri.

"Kaeni kando ya njia," alinong'ona Polepole. "Msiwape kitu. Msipokee kitu."

Wakapita. Mmoja baada ya mwingine, mizigo vichwani, shingo zimenyooka, macho wazi yasiyotazama. Hapakuwa na sauti ya pumzi hata moja. Hapakuwa na mvuke. Mama Vifungo alihisi vidole vya wifi vikizama mkononi mwake.

Sweta ya bluu.

Kiraka. Maua ya njano.

Alitoka kando kabla hajajua kwamba ametoka. Akaenda naye sambamba, akipanda. Kifua kilimwaka. "Shingo," alisema. Mwanamume hakugeuka. Uso ulikuwa wake, lakini ulikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Dada," Polepole aliita kutoka nyuma, kwa utulivu uleule wa siku zote. "Hapa ndipo mwisho wetu. Ukipanda zaidi na giza hili, sitakurudisha."

Alimsikia. Akajua ni kweli. Basi akalitamka lile neno alilokuwa akimwambia mlangoni kila aliporudi kazini, miaka yote ya ndoa yao.

"Tua, mume wangu."

Nyayo zikasimama.

Si zake tu. Msafara mzima ulisimama, mbele na nyuma, na kamba zikanyamaza. Midomo ya Shingo ilitikisika. Ilikuwa imekauka hadi imepasuka.

"Nitue..."

Mama Vifungo akanyoosha mikono. Gunia lilikuwa baridi kiasi cha kuunguza. Alipoliinua kutoka kichwani mwa mume wake, uzito ulimshukia kama paa la nyumba, magoti yakagonga mawe. Hakuliachia. Akalipandisha kichwani kwake.

Hapo ikasikika sauti ile laini ya Bwana Mizigo, na haikutoka kwa mtu mmoja. Ilitoka kwenye midomo yote ya ule msafara, kwa pamoja.

"Haya, shemeji. Panda."

Mguu wake wa kulia ukapanda hatua moja. Hakuuamuru. Kilele kilimvuta kama ng'ombe anavyovutwa kwa kamba. Mguu wa kushoto nao ukainuka...

"Sipandi," alisema.

"Mzigo haukai chini."

"Nani kasema nauweka chini? Nimekubali kuubeba." Machozi yalikuwa yakimganda mashavuni, na hasira ilikuwa imempa pumzi ambayo mlima ulimnyima. "Lakini kilichopanda kinashuka. Unashuka nami, hadi mlangoni kwako."

Na akaugeuza mwili wake. Ilikuwa kama kugeuza gari kwa mkono. Mifupa ya shingo yake ilimlia, kitu kikamkatika mgongoni, lakini aligeuka. Wifi alikuwa ameshafika, akamkumbatia kiuno kwa nyuma. Polepole akatangulia, akagusisha fimbo yake njiani.

"Hapa. Kisigino kwanza. Sasa hapa. Polepole."

Wakashuka. Nyuma yao msafara haukutoa sauti yoyote. Ila nyayo za mtu mmoja ziliwafuata, na baada ya kitambo mtu huyo akakohoa. Kikohozi kifupi, cha mara mbili.

Wifi alikaza mikono kiunoni. "Ni chake kile. Wifi... kile ni kikohozi cha kaka."

"Usigeuke."

"Sigeuki. Anakuja mwenyewe."

Kikohozi kiliwasindikiza njia yote, hata kesho yake waliposhika njia tena. Msitu ulipoanza, kikakoma.

*

Watu walitoka madukani kumtazama. Mama Vifungo alipita barabara kuu mchana kweupe, gunia kichwani, miguu imevimba, macho mbele. Njiani Polepole alikuwa amejaribu kumpokea, na mikononi mwake gunia lile lilikuwa jepesi kama mto wa manyoya. Aliporudishiwa yeye, lilimdidimiza tena.

Ofisi ya Bwana Mizigo ilikuwa na mizani mlangoni, marundo ya kamba na maturubai. Mwenyewe alikuwa mezani. Alipoliona gunia alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini.

"Usilitue hapa."

"Nimeshatua."

Liligonga meza, na uzito ukamtoka Mama Vifungo ghafla hata akapepesuka. Akatoa mkasi wake wa kazi, akakata kamba. Vikamwagika vifungo. Nyuzi. Kamba za viatu. Bangili ya shanga. Utepe wa nywele wa mtoto, ambao baba fulani alipanda nao ili amkumbuke. Alichagua vifungo vyake bila taabu, maana mtu anaujua mshono wake: vilikuwa bado vimeshika uzi wake mweusi, ule wa mafundo mawili. Akavitia mfukoni.

Vingine alivimwaga kwenye turubai, nje, watu waone. Jioni ile mjane mmoja alikuja, akauokota ule utepe, akakaa nao chini barabarani. Wakaja wengine. Siku kadhaa zilipita watu wakija, wakichagua, wakiondoka kimya. Bwana Mizigo alijifungia ndani.

Wifi ndiye aliyekwenda makaburini. Aliporudi alikaa karibu na cherehani.

"Udongo wa kaburi la kaka ulikuwa haujawahi kushikamana," alisema. "Mvua mbili zimepita, bado ulikuwa umevimba kama umechimbwa jana. Sikuwahi kukuambia. Leo umeshuka. Umebonyea katikati, kama godoro mtu akilala."

Polepole alipoulizwa alichokiona mlimani alikoroga chai yake. Alisema urefu ule wa mlima humfanyia mtu mambo kichwani, kwamba yeye aliona ukungu, na mwanamke akibeba gunia.

"Na gunia alilileta nani?" aliuliza wifi.

Alikunywa chai yake hadi mwisho.

*

Vitu visivyopata wenyewe vilibaki vingi. Mama Vifungo alivichukua akavihifadhi dukani, akisubiri. Jioni moja, taa zikianza kuwashwa, alikuwa akimalizia sare za shule na wifi akimsaidia kutoa nyuzi za bandi, zile za kushikiza kwa muda, mtu akasimama nje ya dirisha.

Ilimchukua muda kumtambua. Bwana Mizigo alikuwa amekonda. Kichwa chake kilikuwa kimezama katikati ya mabega, shingo imepinda mbele kama ya mtu aliyetwikwa gunia la saruji. Kichwani hakuwa na kitu.

Alipohamisha mguu, ilisikika.

Kwii...

"Shemeji," alisema. "Nitue."

Cherehani haikusimama. Mama Vifungo alimaliza mshono, akageuza kitambaa, akaanza mwingine.

"Wako wangapi bado huko juu?"

"Nitue kwanza."

"Nimekuuliza swali."

Bwana Mizigo alifungua kinywa ajibu. Neno halikutoka. Kilitoka kikohozi. Si chake. Kilikuwa kikohozi cha mzee. Kikafuata cha kijana. Kikafuata kingine, chembamba, cha mwanamke. Vikaendelea kutoka, kimoja baada ya kingine, naye amekodoa macho, mikono imeshika mashavu, hawezi kufunga mdomo.

Wifi aliacha sindano ianguke. "Funga dirisha," alinong'ona. "Wifi, tafadhali. Funga."

Mama Vifungo aliinuka. Magoti yalikuwa hayajapona. Akaenda hadi dirishani, karibu kabisa, pale ile harufu ya udongo na kafuri ilipokuwa kali, akasukuma vioo vyote viwili vikafunguka hadi mwisho.

Hakumtazama Bwana Mizigo. Alitazama ndani ya kile kinywa.

"Nimewasikia," alisema. "Ukungu ukipungua tunapanda. Tutakwenda polepole, na tutashuka na kila mmoja wenu. Semeni majina, niyajue."

Vikohozi vikakoma.

Kisha, kutoka ndani kabisa ya koo la yule mtu, wa kwanza akaanza kujitaja.